Shahidi Aliyemo Fuvuni

Katika mji wa Bisil, Kajiado, ambao kwa wapitao na magari ya Namanga si zaidi ya safu mbili za maduka, moshi wa nyama ichomwayo na vumbi la mifugo, lakini kwetu sisi tuliokaa humo miaka mingi ni mji wenye wazee wake, mizani zake na kumbukumbu zake, palikuwa na dalali mmoja wa ng'ombe aliyejulikana kwa upole. Wauzaji wawili wakishikana mashati yeye alisimama katikati yao akicheka, na aghalabu ugomvi ulizama katika kicheko hicho. Siku moja pikipiki aliyopanda iliacha lami, kichwa chake kikapiga jiwe, akalazwa hospitali majuma kadhaa, kisha akarudi na kovu juu ya nyusi na tabia ambayo hakuna aliyeitambua: neno dogo lilimwasha, bei asiyoipenda ilimfanya anyanyue rungu, na mwisho wa mambo akamvunja kijana mmoja mkono kwa ajili ya mbuzi ambaye hakuwa wake wala hakuwa wa kijana yule.

Wazee wa Kimasai wakakutana chini ya mgunga kuamua. Nami, ijapokuwa si wa kabila lao, nilikaribishwa kwa hisani ya ujirani, kwa kuwa watoto wao kadhaa wamepitia chuoni kwangu. Kabla maneno hayajaanza, mzee mmoja aliyekaa karibu nami aliniinamia akasema, "Mwalimu, nyinyi mnaosoma vitabu, hebu nambie: aliyempiga kijana huyu ni yule tuliyemjua, au ni lile jiwe?"

"Mzee wangu," nilimwambia, "hilo si swali la kujibiwa kwa pumzi moja."

Sikumjibu siku ile. Haya niandikayo ndiyo jawabu langu, nalo limechelewa.

Kwa muda wa zaidi ya miaka 100 matabibu wa Ulaya na Marekani wamekuwa wakiulizana swali la mzee huyu kwa ndimi nyingine. Mwaka wa 1876 Cesare Lombroso, tabibu wa Italia, alitoa kitabu akidai kwamba mhalifu huzaliwa mhalifu, na kwamba alama zake husomeka katika umbo la fuvu, taya na masikio. Dai hilo limekwisha kuzikwa na wenye elimu, walakini mzimu wake, kama tutakavyoona, ulipata kutembea hata Nairobi. Kisha zikaja habari zenye uzito zaidi. Tarehe 1 Agosti 1966, huko Austin katika jimbo la Texas, Charles Whitman, kijana aliyepata kuwa askari, baada ya kumuua mama yake na mkewe usiku, alipanda mnara wa Chuo Kikuu akawapiga risasi wapita njia, akaua zaidi ya watu kumi kabla ya yeye mwenyewe kuuawa na polisi. Alikuwa ameacha waraka akiomba kwamba akifa mwili wake upasuliwe, itazamwe kama kuna maradhi yaliyomharibu akili. Ukapasuliwa, na ndani ya ubongo ukaonekana uvimbe. Mabingwa walioteuliwa na gavana kulichunguza jambo hilo walisema, kwa insafu ninayoistahi mpaka leo, kwamba uvimbe ule yamkini ulichangia, lakini elimu waliyo nayo haiwezi kuthibitisha kuwa ndio uliomuua mama, mke na wapita njia.

Mwaka wa 1997 Adrian Raine na wenzake wakatoa matokeo ya uchunguzi wao juu ya wauaji 41 wa Marekani, wote wakiwa watu waliojitetea mahakamani kwa hoja ya wazimu, wakawalinganisha na watu wengine 41 wasioua, wa umri na jinsia ileile. Walitumia mashine ionyeshayo jinsi kila sehemu ya ubongo inavyokula sukari katika kazi yake, wakaona kwamba kwa wauaji wale, kwa wastani, sehemu ya mbele iliyo nyuma ya paji la uso, ambayo kazi yake ni kupima, kuzuia na kukumbusha matokeo, ilikuwa ikifanya kazi kwa unyonge kuliko kwa wenzao. Uchunguzi wa wanajeshi wa Marekani walioumia vichwa katika vita vya Vietnam nao ulielekea upande huohuo: walioumia mbele ya ubongo walikuwa wepesi zaidi wa ghadhabu na ugomvi. Nao wengi wao hawakuwa wakatili, jambo ambalo wapenda habari za kutisha husahau kulitaja.

Mimi si miongoni mwa wanaoidharau elimu hii. Katika miji yetu mtu akibadilika namna alivyobadilika dalali yule, watu hawakosi kusema amerogwa, au amepandwa na majini, au kwamba ndivyo alivyokuwa tangu zamani na upole wake ulikuwa unafiki. Na mama yake, ambaye hana kosa, huanza kupita njia za nyuma akienda kisimani. Tabibu asemapo kuwa kuna jeraha mahali fulani, na jeraha hilo huzaa ghadhabu kama jeraha la mguu lizaavyo kuchechemea, humwondolea mama yule mzigo ambao waganga kumi wasingeuondoa. Fauka ya hayo, elimu hii hutufunza kuzuia. Kule Owino Uhuru, Mombasa, watu waliishi ukutani mwa kiwanda cha kuyeyusha betri, watoto wao wakaingiwa na madini ya risasi damuni, hata mahakama ya mazingira mwaka wa 2020 ikaamuru walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3. Risasi huuharibu ubongo wa mtoto, akapungukiwa na akili na subira kabla hajajua maana ya maneno hayo. Basi mtu anayetaka kupunguza ukatili wa miaka ishirini ijayo angeanza kwa kuwatazama watoto kama hao, na kwa kuwavika kofia ngumu vijana wa bodaboda wanaopita hapa Bisil vichwa wazi, mishikaki watatu watatu, kabla ya kununua mashine ya kuwapiga picha wafungwa.

Walakini shahidi huyu wa fuvuni ana kasoro zake, na hakimu asiyezijua atamdhulumu mtu.

Kwanza, husema juu ya umati, naye hakimu humhukumu mmoja. Ukiambiwa kuwa wauaji 41, kwa wastani, wana sehemu ya mbele iliyo dhaifu, hujaambiwa lolote lenye yakini juu ya huyu aliyesimama kizimbani, wala hujaambiwa ni watu wangapi wenye udhaifu uleule wanaouza mboga, wanaoswalisha misikitini na wanaolea wajukuu bila kumgusa mtu. James Fallon, mtaalamu wa ubongo wa Chuo Kikuu cha California kule Irvine, alikuwa akizitazama picha za bongo za wauaji, na mezani pake pia palikuwapo picha za jamaa zake alizozitumia kwa uchunguzi mwingine. Akaona moja inayofanana kabisa na za wauaji, akataka kujua ni ya nani, ikawa ni yake mwenyewe. Naye hakupata kuua mtu. Pili, picha hizi si picha kama ile ya pasipoti, bali ni hesabu nyingi zilizopakwa rangi, na asiyezikagua hesabu huona rangi pasipo na kitu. Mwaka wa 2009 Craig Bennett na wenzake walimtia mashineni samaki aina ya samoni aliyekwisha kufa, wakamwonyesha picha za binadamu, na hesabu iliyofanywa bila hadhari ikaonyesha kuwa ubongo wa samaki yule ulikuwa ukitafakari. Sisi tuliozaliwa pwani tunajua samaki wa namna hiyo hutafakari nini. Tatu, hatujui daima kipi kilitangulia: je, ubongo dhaifu ulileta maisha ya vurugu, au ni maisha yenyewe, kwa vipigo vya utotoni, njaa, chang'aa na marungu ya vichwani, yaliyoudhoofisha ubongo? Aliyepigwa picha baada ya miaka kumi ya gereza hatoi ushahidi wa alivyokuwa kabla ya kuingia.

Hizi ni kasoro za elimu, na elimu yaweza kujitibu. Kasoro kubwa kuliko zote si ya elimu bali ya mkono unaoishika, nayo kwa bahati mbaya hatuna haja ya kuvuka bahari ili kuiona, kwa maana imetendeka Nairobi, mwendo wa asubuhi moja kutoka hapa nilipo.

Hospitali ya Mathari ilifunguliwa mwaka wa 1910 kuwa nyumba ya kuwekea wendawazimu. Katika miaka ya 1930 H. L. Gordon, tabibu aliyehudumu hapo, alieneza fikira kwamba ubongo wa Mwafrika umepunguka kwa maumbile yake. Mwenziwe F. W. Vint, mchunguzi wa maiti katika maabara ya serikali, akatwaa bongo za maiti za Waafrika, akazipima kwa mizani, akazikata vipande vyembamba, akavitazama kwa hadubini, na mwaka wa 1934 akatangaza katika jarida la Uingereza kuwa ubongo wa mwenyeji wa Kenya ni mwepesi kuliko wa Mzungu, na gamba lake ni jembamba zaidi. Alilinganisha maiti za watu wa hapa na hesabu zilizokusanywa Ulaya kwa watu wa lishe nyingine na maradhi mengine, kisha tofauti aliyoiona akaitia katika hesabu ya asili. Mizani yake huenda ilikuwa sahihi kwa gramu. Niya iliyoielekeza ndiyo iliyopotoka.

Baada yao akaja J. C. Carothers, aliyeisimamia Mathari tangu mwaka wa 1938 hadi 1950. Mwaka wa 1951 aliandika katika jarida la matabibu wa akili kwamba tabia za Mwafrika zinafanana na za Mzungu aliyekatwa mishipa iunganishayo sehemu ya mbele ya ubongo, upasuaji ambao mwanzilishi wake, Egas Moniz wa Ureno, alikuwa ametunukiwa Nobel miaka miwili tu kabla. Ajabu ya hoja hiyo ni hii: upasuaji ule ulifanywa kwa wagonjwa wa akili ili kuwatuliza, na tabibu huyu, ambaye Waafrika aliowajua kwa karibu walikuwa hasa wagonjwa wa hospitali yake na wafungwa aliowahudumia, akaona utulivu ule, au uvivu kama alivyouona yeye, katika watu wa bara zima. Mwaka wa 1953 Shirika la Afya Duniani likamchapishia kitabu juu ya akili ya Mwafrika. Na mwaka wa 1954, hali ya hatari iliyotangazwa Oktoba 1952 ikiwa imepamba moto, serikali ya kikoloni ikamchapishia kijitabu juu ya saikolojia ya Mau Mau. Humo hakutumia mizani wala hadubini, lakini njia ilikuwa imekwisha kufyekwa: watu waliokuwa wakidai ardhi wakaelezwa kuwa ni watu waliochanganyikiwa baada ya kuachana na mila zao, wanaohitaji kutulizwa. Frantz Fanon, aliyekuwa mwenyewe tabibu wa akili, aliijibu hoja hiyo mwaka wa 1961 katika kitabu chake cha mwisho, nami sina la kuongeza juu ya jibu lake isipokuwa swali moja ambalo mtu akaaye Kajiado hawezi kulikwepa: Wamasai walihamishwa katika malisho yao kwa mikataba ya 1904 na 1911, je, ni nani aliyewahi kuupima ubongo wa walioiandika mikataba ile?

Kwa hiyo nionapo leo watu wa kheri wakitabiri kuwa siku moja mtoto atapigwa picha ya kichwa shuleni ijulikane kama atakuwa katili, sishangai kwa ugeni wa jambo, nashtuka kwa uzee wake. Tumekwisha kupigwa picha hiyo, na jawabu likaandikwa kabla kichwa hakijatiwa mashineni.

Nirudi sasa katika swali la mzee, ambalo matabibu hawakuwa wa kwanza kuligusa. Maulamaa wetu wa kale walihitilafiana vikali juu ya hiari ya mja: Majabari walisema mtu ni kama unyoya katika upepo, hatendi bali hutendeshwa; Makadari wakasema mtu ndiye muumba wa vitendo vyake; na Abul Hasan al-Ash'ari, aliyefariki katika karne ya nne ya Hijra, akashika njia ya katikati, kwamba Mwenyezi Mungu ndiye aumbaye kitendo, na mja ndiye akichumaye. Nikisoma baadhi ya wataalamu wa ubongo waliosema kuwa hiari ni njozi, na kuwa mkono huamuliwa na neva kabla ya mwenyewe kujua, nawaona Majabari wamerudi na kilemba kipya. Na jawabu ni lilelile la zamani: mtu huyo huyo asemaye kuwa hakuna hiari, mwanafunzi wake akimwibia saa, humkasirikia mwanafunzi wala hazikasirikii neva.

Wengine huenda upande wa pili. Nimewasikia wahubiri wakishangilia kuwa sura ya Alaq, itajapo shungi la kipaji lenye uongo na makosa, ilikwisha kuitangulia elimu ya sehemu ya mbele ya ubongo. Nawaheshimu, lakini siwafuati. Maana Kitabu kikifungwa kwenye nadharia ya leo, nadharia ikianguka kesho nani atakiinua? Tena aya ile inamkemea mwenye shungi wala haimpi udhuru, ilhali tabibu wa ubongo wanayemsifu huja mahakamani kuomba udhuru.

Palipo na msaada wa kweli ni katika fiqhi. Kanuni mashuhuri husema kuwa kalamu ya kuandika dhambi imeinuliwa juu ya watatu: aliyelala mpaka aamke, mtoto mpaka abaleghe, na mwendawazimu mpaka arudiwe na akili. Watatu hawa hawafanani kwa lolote ila moja, kwamba kipimo chao si umbo la ubongo bali ni uwezo wa kuelewa na kujizuia wakati wa kitendo. Sheria ya Kenya nayo imesimama karibu na hapo: kifungu cha 12 cha Kanuni ya Adhabu, ambacho asili yake ni kesi ya Daniel M'Naghten ya London ya mwaka wa 1843, humwondolea jinai yule ambaye kwa maradhi yaliyomwathiri akili hakuweza kufahamu alitendalo au kujua kuwa halipasi kutendwa. Kifungu hicho chamtazama afahamuye na asiyefahamu, lakini hakimwoni vizuri yule wa tatu, afahamuye na asiweze kujizuia, naye ndiye hasa anayeelezwa na picha za Raine, naye ndiye dalali wetu.

Na yule asiyefahamu, sheria hiyo ikishamwona humfanya nini? Mtu akionekana kuwa alitenda akiwa na wazimu, kwa muda mrefu hukumu yake imekuwa ni kuzuiliwa kwa kipindi kisicho na mwisho uliotajwa, kungoja ridhaa ya Rais, hata baadhi ya majaji wa Mahakama Kuu wakalaumu kwamba huyo aliyesamehewa kwa ugonjwa hufungwa muda mrefu kuliko aliyehukumiwa kwa ukatili. Aliyevunjwa mkono, au mjane wa aliyeuawa, hatajwi.

Hapa ndipo wazee wa Bisil walipompita tabibu na hakimu wote wawili. Katika desturi ya Wamasai damu ya mtu hulipwa kwa ng'ombe 49, na alipaye si muuaji peke yake bali ni ukoo wake. Na fiqhi yetu, ingawa hazikuwahi kukutana, husema karibu lilelile: mwendawazimu akiua, kisasi huanguka, lakini dia haianguki, na hubebwa na jamaa zake wa upande wa baba. Maana yake ni kwamba swali moja la mzee wangu lilikuwa na maswali matatu ndani yake. Nani alipe? Hilo halihitaji picha ya ubongo, maana mkono umevunjika na gharama ni ya kweli, awe aliyepiga ni mtu au jiwe. Nani aadhibiwe? Hapo ushahidi wa fuvuni una haki ya kusikilizwa, na mradi uletwe kumtetea mtu mmoja kwa kitendo kimoja kilichopita, ukiwa na mashahidi wa maisha yake ya kabla na baada, naona hata ukiwa na shaka upokewe, kwa sababu adhabu huzuiliwa na shaka. Nani azuiliwe asidhuru tena? Hapo ushahidi huo ni msaidizi dhaifu, macho ya jirani yanaushinda. Na ukiletwa kumtuhumu mtu ambaye hajatenda, au ukoo, au kabila, basi ufukuzwe mlangoni, kwa kuwa tumekwisha kuujua tangu Mathari.

Najua patakuwa na atakayesema kuwa huu ni upendeleo, kumpokea shahidi akitetea na kumkataa akishitaki. Ndiyo, ni upendeleo, na sheria zote zenye huruma zimejengwa juu yake.

Mzee wangu, jawabu langu basi ni hili: aliyepiga ni yeye, akiwa na jiwe ndani yake. Nyinyi mlilijua hilo siku ileile bila ya kungoja niandike. Ukoo ulimlipa kijana ndama jike na mbuzi wawili na gharama za hospitali. Dalali hakutozwa faini yake mwenyewe wala hakutukanwa. Alinyang'anywa rungu, na nduguye mdogo akaamriwa afuatane naye kila siku ya mnada na kumtoa sokoni akianza kupandisha sauti. Mpaka leo wanafuatana. Picha ya kichwa chake haijapigwa.